Kimya Kingi Kina Mshindo: Uigizaji wa Amandina Lihamba

Marehemu Shaaban Robert, mshairi wa mkoa wetu wa Tanga ambaye kama sisi alikula mshahara wa serikali, aliona kuwa maisha ya mwanamke mwimbaji yanastahili kuandikiwa kitabu. Akamwandikia wasifu Siti binti Saad, yule binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya sauti yake kusafiri hadi Bombay, mwaka 1928, kwenda kutiwa katika santuri. Siti alifariki mwaka 1950, lakini santuri zake zilibaki, na kitabu nacho kikabaki. Mshairi huacha diwani. Mwimbaji huacha santuri. Mchongaji huacha kinyago. Je, mwigizaji wa jukwaani huacha nini? Taa zikishazimwa na watu wakishatawanyika, kazi yake nzima hubaki katika vifua vya waliomwona, na vifua hivyo navyo havidumu.

Kwa hofu hiyo tunaandika makala haya tukiwa Bulwa, katika mashamba ya chai ya Usambara ya Mashariki, mbali na kumbi za Dar es Salaam. Tunakusudia kuipima kazi ya Profesa Amandina Lihamba, mwigizaji, mtunzi, mwongozaji na mwalimu, ambaye wanafunzi wengi wa sekondari hulisikia jina lake, kama walisikia kabisa, katika orodha ya waandishi wa tamthilia tu. Swali letu ni moja. Imekuwaje mwigizaji ambaye sehemu yake iliyojulikana zaidi katika filamu ni ya mwanamke asiyesema, awe ndiye yule yule aliyeshiriki kuanzisha mpango wa shule unaoitwa Tuseme? Wasomaji wengine wataona kuwa mambo hayo mawili yamekutana kwa bahati. Sisi twaona kuwa ni kazi moja, na kwamba asiyeufahamu ukimya wa yule mwanamke wa filamu hawezi kuifahamu sauti ya wale wasichana wa shule.

Maisha yake tuyaeleze kwa ufupi. Alizaliwa Morogoro mwaka 1944. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alikuwa binti wa miaka kumi na saba hivi. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Na Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, kizazi chake kilikuwa kimefikia umri wa kujiuliza sanaa ya Mwafrika huru ifanane vipi. Kizazi hicho kilikuwa na vipaji vingi. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka 1969. Penina Muhando alitoa Hatia mwaka 1972, kisha Tambueni Haki Zetu na Pambo. Lihamba alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mkuu wa idara ya sanaa na baadaye mkuu wa kitivo. Mwaka 1985 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na sanaa za maonyesho Tanzania tangu Azimio la Arusha hadi mwaka 1984. Vyeo hivyo ni vya kuheshimiwa, lakini havimfanyi mtu kuwa mwigizaji. Tutazame basi kazi zenyewe.

Jukwaa walilotuachia wakoloni lilikuwa na pazia, taa, na safu za viti. Mtazamaji alitakiwa kukaa, kunyamaza, na kupiga makofi mwishoni. Utaratibu huo ni mgeni kwetu. Hapa Usambara, bibi aliyekaa motoni na kuanza kusimulia habari za Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu akawa mfalme wa Washambaa, hakukubali wajukuu wanyamaze. Alidai waitikie, waimbe kiitikio, wamkumbushe alipokosea. Ukimya wa wajukuu ulikuwa dalili kwamba wamelala. Kwa Kiswahili msimuliaji huita "Paukwa!" na hadhira hujibu "Pakawa!", na asipojibiwa hana ruhusa ya kuendelea. Si ajabu basi kwamba wasanii wa Chuo Kikuu, Lihamba akiwa miongoni mwao, walipounda kundi la maigizo waliliita Paukwa. Jina hilo lilikuwa mwaliko kwa hadhira, lakini lilikuwa pia onyo kwa wasanii wenyewe: mkiita na watu wasiitike, basi hamna hadithi.

Tamthilia yake ya mwanzo kuchapishwa, Hawala ya Fedha, ilitoka mwaka 1980. Chanzo chake ni kisa cha Sembène Ousmane wa Senegali, ambacho mwenyewe alikitengenezea filamu ya Mandabi mwaka 1968. Mzee asiye na kazi anapelekewa hawala na mpwa wake aliyeko Paris. Fedha ipo posta, jina lake limeandikwa, lakini hana kitambulisho. Ili apate kitambulisho atakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa. Ili apate cheti atakiwa kujua tarehe aliyozaliwa. Na kila dirisha lampeleka dirisha jingine, mpaka wajanja wanamlia fedha yote. Wasomaji wengi hukiona kisa hiki kuwa cha kuchekesha. Sisi tuliokaa nyuma ya dirisha la ofisi miaka mingi hatukicheki kwa moyo mkunjufu. Tumepata kumwambia mzee wa watu arudi kesho, nasi twajua kuwa ametembea tangu alfajiri. Ubora wa Lihamba katika kazi hii ni kuitambua tamthilia iliyokuwa imejificha ndani ya hadithi: dirisha ni jukwaa tayari, karani ni mhusika tayari, na mzee anayejaribu kusema bila kusikilizwa ni tatizo linaloweza kuonekana kwa macho. Huko ndiko ile dhamira yake kuu ilikoanzia. Mzee yule ana ulimi, lakini ofisi haina masikio.

Dhamira hiyo alikwenda nayo nje ya kumbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na Penina Muhando, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu, walikwenda kijiji cha Malya, mkoa wa Mwanza, kufanya kile kilichokuja kuitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Waliwauliza wanakijiji matatizo yao, na kati ya yaliyotajwa lilikuwamo la wasichana wa shule kupata mimba. Kisha ngoma, nyimbo na maigizo yakatungwa na wanakijiji wenyewe, na baada ya maonyesho yakafuata majadiliano. Mwaka 1982 yeye, Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa kwa pamoja tamthilia ya Harakati za Ukombozi. Wanawake watatu kuandika tamthilia moja juu ya historia ya taifa lao ni jambo ambalo mwalimu wa fasihi asilipite haraka, kwa maana katika jamii yetu historia imezoea kusimuliwa na wazee wa kiume barazani.

Hapa hatuna budi kugusa jambo ambalo watu wa adabu hupenda kulikwepa. Mwanamke wa jukwaani, katika nchi yetu, aliitwa mhuni. Siti aliitwa majina. Waigizaji na wachezaji wa vikundi vya maonyesho vya miaka ya 1980, vile vilivyochanganya ngoma, taarabu, vichekesho na maigizo katika usiku mmoja, walishangiliwa jioni na kusengenywa asubuhi. Mwanamume aliyeigiza mlevi aliitwa hodari. Mwanamke aliyeigiza mke wa mlevi aliulizwa kama mumewe anajua yuko wapi. Kwa hiyo profesa wa Chuo Kikuu kukubali kupanda jukwaani na kusimama mbele ya kamera, kwa mwili wake na uso wake, hakukuwa jambo dogo. Angeweza kubaki na vitabu, na heshima yake isingepungua hata chembe.

Katika filamu tutazitaja mbili. Ya kwanza ni Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill mwaka 1985, nayo Lihamba ni miongoni mwa waigizaji wake wakuu. Ni filamu fupi, isiyofikia dakika arubaini. Mwanamke anaugua, hospitali imeshindwa, na kwa sababu ya hofu aliyoibeba tangu utotoni anawaogopa waganga wa jadi. Filamu haiwatukani madaktari wala haimpambi mganga kwa manyoya ili kuwafurahisha wageni. Yauliza tu: ugonjwa ulioingia kwa njia ya kumbukumbu utatolewa na sindano gani?

Kwa Mshambaa swali hilo si geni. Wazee wetu wana maneno mawili, kubana shi na kuzifya shi, yaani kuiharibu nchi na kuiponya nchi. Katika fikra hizo, maradhi ya mtu, ukame wa shamba na ugomvi wa watawala havikuwekwa kila kimoja katika faili lake. Nchi iliponywa kwa pamoja au haikupona. Tunapoitazama Arusi ya Mariamu hapa milimani twaona kwamba mgonjwa si Mariamu peke yake. Ni jamii nzima iliyofundishwa kuogopa mambo yake yenyewe.

Filamu ya pili ni Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Ron Mulvihill, na ambayo mwaka 2001 ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar katika fungu la filamu za lugha za kigeni. Daktari wa magonjwa ya akili, Mmarekani Mweusi aitwaye Asira, anakuja kufanya kazi katika hospitali nchini mwetu. Humo anamkuta Samehe, mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hajasema neno, kwa sababu ya jambo la kutisha lililompata utotoni. Baina yao yuko bibi wa ajabu, Maangamizi, asiyejulikana kama ni wa dunia hii au ni wa wahenga. Asira ni Barbara O; bibi ni Mwanajuma Ali Hassan; Samehe ni Lihamba.

Wanafunzi wayatazame majina hayo kabla ya kitu kingine chochote. Maangamizi ni kuteketea. Samehe ni ombi, na ni amri pia. Na katika Asira, sikio la Mswahili haliwezi kukosa kusikia hasira. Majina matatu yamekwisha kueleza safari yote: watu walioteketezwa, wengine kwa kuchukuliwa utumwani ng'ambo ya bahari na wengine kwa kubaki nyumbani, wana hasira, na hasira hiyo haitapoa mpaka msamaha upatikane, na msamaha hauwezi kutolewa na mtu asiyeweza kusema alichotendewa.

Sasa tufikirie kazi aliyopewa mwigizaji. Mwigizaji wa Kiswahili hutegemea maneno kuliko kitu kingine. Sisi ni watu wa methali, mafumbo na majibizano. Vichekesho vyetu huishi kwa ulimi. Mnyang'anye mwigizaji wetu maneno, atabaki na nini? Wengi hubaki na kukodoa macho na kupiga kifua. Lihamba amebaki na utulivu. Samehe wake si bubu wa kuigizwa, yule wa michezo ya shule anayetikisa mikono ili wote wajue kuwa ni bubu. Ni mtu mwenye maneno mengi ambaye ameyafungia ndani kwa sababu nje hapakuwa na mahali salama pa kuyaweka. Mtazamaji hujikuta anangoja, na katika kungoja huko huanza kumsikiliza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga; na mwigizaji huyu ameubeba mshindo huo mabegani bila kuuonyesha kidole. Mtu aliyefundisha miaka mingi kwamba hadhira sharti iitikie ameifanya hadhira iitikie hata pale ambapo hakuna aliyeita.

Hatusemi kwamba filamu hii haina dosari. Sehemu kubwa ya mazungumzo ni kwa Kiingereza. Tuliitazama Muheza, kwenye televisheni ndogo, katika nyumba ya rafiki, na mama mwenye nyumba alituuliza mara kwa mara wanasema nini. Jambo la kutafakari ni kwamba Samehe alipokuwa mbele ya kamera, mama yule hakuuliza. Dosari ya pili ni nzito zaidi: kwa nini mwanamke wa Kitanzania angoje daktari kutoka Marekani ndipo afunguliwe? Tumelijadili jambo hili na walimu wenzetu, na baadhi yao hawakuridhika hadi mwisho. Maoni yetu ni kwamba filamu yenyewe inajitetea kwa kumfanya daktari kuwa mgonjwa wa pili. Asira amekuja kuponya, naye amebeba jeraha la kwao. Hata hivyo twakiri kuwa utetezi huo umetegemea uigizaji kuliko hadithi. Kama Samehe angeigizwa na mtu mwepesi, angeonekana mgonjwa tu wa kuhurumiwa, na daktari angeonekana mkombozi. Uzito wa Lihamba ndio uliosawazisha mizani.

Sasa turudi Bulwa, kwa kuwa hatutaki makala haya yaonekane kuwa sifa za mbali. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita tulialikwa katika sherehe ya shule moja, tukakalishwa meza ya mbele kwa ajili ya cheo. Wanafunzi walionyesha mchezo walioutunga wenyewe juu ya msichana anayeozwa kabla ya kumaliza masomo. Binti aliyeigiza msichana huyo aliigiza kwa ukweli kiasi kwamba wachuma chai waliosimama pembeni walianza kumjibu kwa sauti. Katikati ya mchezo mjomba wake aliinuka, akaenda mpaka mbele, akamshika mkono na kumwondoa, akisema kuwa hakumpeleka shule akajifunze uhuni. Mchezo ukavunjika. Walimu walitutazama sisi wageni wa meza ya mbele. Tulikuwa mshairi, tulikuwa mtumishi wa serikali, neno letu lingesikilizwa. Tukakaa kimya, tukanywa soda zetu. Binti yule hakuonekana tena katika maigizo ya shule ile. Tangu hapo kila tunapomwona Samehe tunakumbuka kuwa mtu hazaliwi bila sauti. Huwapo wanaomnyamazisha, na huwapo waliokaa karibu wakatazama.

Kwa hiyo twaelewa kwa nini mwaka 1996 Lihamba na Penina Muhando, akijulikana sasa kwa jina la Mlama, walishiriki kuanzisha Tuseme katika shule za sekondari. Utaratibu wake waujua walimu wengi. Wasichana huchunguza wenyewe mambo yanayowazuia kusoma: unyanyasaji, mimba, kazi za nyumbani, dharau za darasani. Hutunga maigizo, nyimbo na ngoma juu ya mambo hayo, huyaonyesha mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha hukaa kujadili na kuamua hatua za kuchukua. Mpango huo ulipokewa na shirika la FAWE na kuvuka mipaka ya Tanzania. Tazama basi mfuatano wake: dirisha lisilosikia katika Hawala ya Fedha, wanakijiji wa Malya wanaotunga wenyewe, Samehe aliyefungwa ulimi, na msichana wa sekondari anayesimama mbele ya mwalimu mkuu kusema yaliyompata. Tatizo lile la Malya halikwisha kwa mchezo mmoja. Ilikuwa Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kuwa wasichana walioacha shule kwa ajili ya ujauzito waruhusiwe kurudi katika shule za serikali. Sanaa haitoi waraka. Lakini humzoeza mtu kusikia, na waraka huandikwa na mtu aliyesikia.

Wako watakaosema kuwa maigizo ya aina hii hugeuka kuwa mahubiri, na kwamba mwigizaji akiwa mwalimu mno sanaa hukauka. Hofu hiyo ina haki. Tumeona michezo mingi ya shule ambayo mwisho wake ni hotuba, na mhusika mwovu hutubu kwa sababu saa ya chakula imekaribia. Lakini dawa ya mahubiri mabaya ni uigizaji mzuri, na hapo ndipo tunapomhitaji Lihamba mwigizaji zaidi ya Lihamba mwandishi. Mwanafunzi aliyemwona Samehe hujua kwamba jambo zito laweza kuelezwa kwa kukaa tu na kupumua.

Kwa masikitiko, ni wanafunzi wachache waliomwona. Katika shule tulizopata kuzitembelea milimani hatukuikuta Hawala ya Fedha kwenye rafu, wala Mkutano wa Pili wa Ndege wa mwaka 1992. Na filamu hizi mbili wengi hawajapata kuzisikia, ingawa simu zao zimejaa filamu za Bongo za miaka ya 2000 na baadaye. Hatuzibezi filamu hizo. Zimewapa waigizaji wa kike riziki na majina. Lakini mti usiojua mizizi yake huangushwa na upepo wa kwanza. Mcheza kwao hutunzwa, na kutunza kwetu kusiwe kupiga makofi tu. Kuwe ni kuziweka kazi hizi mahali ambapo mtoto wa Bulwa anaweza kuzifikia, na kumwambia mwalimu kuwa saa moja ya kuitazama filamu pamoja na darasa, na saa nyingine ya kuijadili, si saa iliyopotea.

Na kama katika sherehe ya shule mjomba wa mtu atainuka kumwondoa binti jukwaani, basi mgeni wa meza ya mbele aweke soda yake chini, aseme.